Faili la Kumi na Tatu

Buganguzi, Muleba
Jumatatu, 26 Agosti 2024

Kwako dada Alistidia,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa salamu. Nimekaa na kalamu nikitafuta ya kukupa, sikuipata. Tuendelee.

Nakuandikia karatasi kwa sababu umeifungia namba yangu tangu tulipoondoa matanga ya tata, baba yako na yangu, mwaka na miezi mitatu sasa. Nikajaribu kwa laini ya mke wangu, nayo umeifungia. Annastella ni wifi yako, alikukosea nini? Jamali huja huku kununua ndizi kila Jumanne na Ijumaa, na anasema duka lako liko njiani kwake. Amekubali kubeba.

Jambo lenyewe ni kile kicheza muziki cha tata, redio ya mfukoni kama alivyoiita, ile nyeusi aliyoachiwa na mgeni wa Maruku enzi zile akifanya kibarua kwenye migomba ya utafiti. Imekwama. Ukiiwasha inaonyesha nembo, inazima, inaonyesha nembo, inazima. Mle ndani ndimo ilimo enanga yote ya tata, kila wimbo aliopiga kwenye nyuzi zake, na unajua hakuna pengine ilipo. Jumamosi tarehe 28 Septemba tunaweka jiwe la kaburi. Mchungaji amekubali enanga isikike pale kaburini kabla ya sala, na nimeshawatangazia watu.

Fundi wa Muleba mjini ameigeuzageuza akasema mashine ya namna hii hajaiona tangu azaliwe. Wewe ndiye fundi wa ukoo. Niandikie cha kufanya, nitafanya mwenyewe. Kifaa hakitoki nyumbani. Simu ya tata uliyoichukua kuiflashi mwaka 2019 ilirudi inawaka vizuri kabisa, na picha zote za mama zimekwisha. Sirudii kosa.

Mdogo wako,
Mwesiga


Ijuganyondo, Bukoba
Alhamisi, 29 Agosti 2024

Mwesiga,

Salamu ninayo, ila ni ya Annastella. Mfikishie, na mwambie laini yake nimeifungua leo.

Yako bado. Nilifunga kwa sababu ya maneno uliyoyasema mbele ya ukoo mzima, kwamba nilikuja kuzika kama mgeni na niondoke kama mgeni, mikono mitupu. Niliomba kitu kimoja tu. Sikuomba kibanja, sikuomba hata mbuni mmoja wa kahawa. Niliomba enanga. Ukasema enanga ni ya omusika, na mrithi wa nyumba ni mwanamume. Mrithi gani ambaye hajui hata uzi wake unaanzia wapi! Imetundikwa ukutani kwako kama ungo, nami niliyefundishwa kuipiga ninaisikia kwa kukumbuka tu.

Haya, kazi. Sikufanyii wewe, nawafanyia tata na jiwe lake.

Kinachokwama ni mfumo unaoiendesha mashine. Nyimbo ziko salama. Mfumo wa zamani siupati tena, waliotengeneza mashine hiyo wameshaisahau. Ila kuna watu huko duniani, hata hawajuani, wametengeneza mfumo wao wa kuziokoa mashine za namna hii, na wanautoa bure. Nimeuweka kwenye flashi hii iliyofungwa na barua.

Azima laptopu. Kwanza ichaji redio mpaka ijae, usiku na mchana, na usitumie kile kisola chako cha kuwashia taa, kikikatika katikati tumekwisha. Ichomeke kwa waya wake. Kwenye flashi kuna faili lililofungwa kama mzigo: lifungue, utoe folda ambayo jina lake linaanza na nukta. Laptopu huficha vitu vya namna hiyo, kwa hiyo iambie ionyeshe vilivyofichwa. Folda hiyo uiweke kwenye redio. Mwisho fungua ile programu ndogo ya kuwashia, uisubiri imalize. Laptopu ikikuuliza kama unataka kuformati, sema hapana. Ikikubembeleza, sema hapana.

Alistidia


Buganguzi
Jumanne, 3 Septemba 2024

Dada,

Haifanyi kazi. Nimefanya yote, na mwalimu Aroni mwenye laptopu ni shahidi. Nembo ya zamani imeondoka, sasa kuna maandishi meupe yanayosema faili halionekani, basi, kimya. Mwanzo ilikuwa inawaka na kuzima, sasa umeiua kabisa. Kama picha za mama.

Na kwa kuwa umeanza habari za mrithi, nami nijibu. Tata alipopooza mkono mwaka 2017 nilikuwa kidato cha tatu. Wewe ulikuwa Mwanza, kisha Bukoba, una kazi, una duka. Nani aliacha shule? Miaka sita nimemwogesha, nimemlisha, nimemgeuza kitandani asipate vidonda. Ulikuwa unatuma sabuni na kupiga simu Jumapili baada ya ibada. "Tata hajambo?" Hajambo, dada, amejinyea, naye analia kwa aibu, na mimi ndiye niliyeko.

Uzi wa enanga unaanzia wapi sijui? Nani alikuwa akimshikia mti wa enanga wakati anakaza uzi? Ndicho alichonipa mimi: kushika mti. Wewe alikufundisha kupiga, mimi hakuniruhusu hata siku moja niguse uzi. Nimebaki na kitu ambacho sikufundishwa, na ukikichukua nacho nitabaki na nini?

Niambie nilipokosea. Au ulipokosea.

Mwesiga


Ijuganyondo
Jumatano, 4 Septemba 2024

Mwesiga,

Umekosea wewe. Umeweka nyumba ndani ya nyumba. Ulipofungua ule mzigo, laptopu ilitengeneza folda yake, na ndani yake ndimo ilimo ile ya nukta. Wewe umebeba zote mbili ukazitupia mle. Mashine inagonga mlango wa mbele, wenyewe wako chumba cha ndani hawasikii. Futa uliyoiweka. Chukua ile ya nukta peke yake, uiweke nje kabisa, isiwe ndani ya kitu chochote. Nimeweka nakala mpya kwenye flashi ya pili, maana najua ya kwanza mmeshaichezea. Na safari hii ngoja alama ya betri ijae kweli, uache kukisia.

Kuhusu sabuni, nilituma nilichokuwa nacho. Sina la kuongeza kwenye karatasi ambayo Jamali anaweza kuisoma.

Ikiwaka, niandikie orodha ya mafaili yote unayoyaona. Yote, kama yalivyoandikwa.

Alistidia


Buganguzi
Jumanne, 10 Septemba 2024

Dada,

Imewaka.

Nilibonyeza wimbo wa kwanza palepale darasani kwa mwalimu Aroni, tata akakohoa kama alivyokuwa akikohoa kabla ya kuanza, kisha enanga ikaingia. Nilitoka nje. Nyumbani Annastella alilia mpaka chakula kikaungua, naye hata hakuwahi kumsikia akipiga.

Ahsante. Nimeiandika mara moja, usitafute nyingine.

Mafaili ni kumi na mawili. Yote yanaitwa kwa tarehe: matano ni ya 2006, manne ya 2008, mawili ya 2011, moja la 2015. Jumamosi ya jiwe tutapiga la 2015.

Mwesiga


(Kikaratasi kilichofungwa pamoja na barua ya juu)

Bi Alistidia, as-salaam aleikum. Mimi Jamali. Barua zenu sizisomi, lakini nyuso zenu nazisoma. Ndugu yako akipokea bahasha ananiangalia mimi kama niliyeandika. Nawe Alhamisi ulinipa ile yako kwa kuitupa juu ya kaunta, ikadondoka ikaniangukia mguuni. Mjumbe hauawi. Mimi ni mfanyabiashara wa ndizi. Simu zipo, tena mmoja wenu anaziuza. Jamali.


Ijuganyondo
Alhamisi, 12 Septemba 2024

Mwesiga,

Ni kumi na matatu.

Soma orodha yako mwenyewe. Hakuna la 2007. Lipo, kwa sababu mimi ndiye niliyebonyeza kitufe cha kurekodi kwa mkono wangu. Ilikuwa Agosti, wiki moja kabla sijaenda chuo Mwanza. Wewe ulikuwa na miaka sita. Tata aliniwekea enanga mapajani, akasema leo piga wewe, mimi nisikilize. Nikapiga wimbo mzima. Nilipomaliza alisema maneno, na mimi kwa woga sikuyasikia vizuri, masikio yalikuwa yakivuma. Kisha mama akaniita jikoni kumenya ndizi, nikatoka mbio.

Miaka yote ile akinipigia simu alikuwa akisema, "Ile yetu bado ninayo." Sikuwahi kurudi kuisikiliza. Nilijua ipo. Hicho ndicho ninachokitaka duniani kwa sasa kuliko hata enanga yenyewe: alisema nini.

Ingia kwenye mipangilio ya huo mfumo mpya, tafuta sehemu ya mafaili, chagua ionyeshe yote. Kisha uniandikie faili la 2007 liko wapi. Na usiniambie hujui.

Alistidia


Buganguzi
Jumanne, 17 Septemba 2024

Dada,

Najua. Nililifuta.

Siku ya tatu ya matanga. Watu wamelala kwenye nyasi sebuleni, mimi nikaingia chumbani kwake na redio ile nimsikie. Nikakuta hilo la 2007. Unapiga, na unapiga vizuri, sikatai. Ukamaliza, tata akaanza kukusifu. Akasifu, akasifu. Mimi nimetoka kumlaza kaburini kwa mikono hii. Kisha wewe ukamuuliza, kwa sauti ya kitoto ya kudeka, "Na Mwesiga, tata, utamfundisha?" Akacheka. Akasema, "Mwesiga? Yule mikono yake ni ya jembe."

Nikazima, nikafuta. Halafu nikaenda ukutani nikachukua kisu nikakata uzi wa enanga. Unajua ni uzi mmoja unaokwenda na kurudi. Ukikata mara moja, umekata zote. Kesho yake ukaniomba enanga mbele ya ukoo. Ningekupa vipi? Ungeuona uzi. Basi nikasema yale ya mrithi, nikasema na mengine.

Umetaka kweli, chukua. Nami sijutii. Mikono ya jembe ndiyo iliyomfumba macho.

Mwesiga


Ijuganyondo
Alhamisi, 19 Septemba 2024

Mwesiga,

ZIMA REDIO. Usisikilize wimbo, usiwashe kuangalia saa, usimwonyeshe mtu.

Faili likifutwa haliondoki siku hiyohiyo. Mashine inafuta jina tu, sauti inabaki palepale mpaka kitu kingine kiwekwe juu yake. Lingekuwepo lote! Mwaka mzima lilikuwa limelala humo zima, linasubiri! Ungeniambia Agosti kwamba umefuta kitu, nisingekuruhusu uweke hata herufi moja kwenye ile redio. Badala yake ukaninyamazia, nami kwa ujinga wangu nikakuelekeza uweke mfumo mpya. Mara mbili! Mara ya kwanza ukaweka nyumba ndani ya nyumba, mara ya pili ukaweka tena. Nimemwaga mchanga juu ya sauti ya tata kwa maelekezo yangu mwenyewe, hatua kwa hatua, kwa mwandiko mzuri.

Nimepiga meza mpaka mteja akaondoka.

Mpe Jamali redio kesho. Najua ulivyosema, haitoki nyumbani. Kwa hiyo nakuambia hili, na sijawahi kumwambia mtu: picha za mama nilizifuta mimi. Niliflashi simu bila kunakili kwanza, kwa haraka, nilikuwa na simu nyingine kumi zinasubiri. Nilijua dakika ileile. Nikawaambia memori kadi ndiyo mbovu, na tata akasema si neno, mwanangu, vitu huharibika. Niliogopa, Mwesiga. Safari hii nitanakili diski nzima kabla ya kugusa chochote. Siwezi kukuapia zaidi ya hapo.

Alistidia


Buganguzi
Ijumaa, 20 Septemba 2024

Dada,

Nilijua memori kadi haikuwa mbovu. Niliitoa nikaijaribu kwa mwalimu Aroni siku ileile. Tata naye nilimwambia. Akasema tusikuulize.

Nyimbo kumi na mbili zilishanakiliwa kwenye flashi yako wiki iliyopita, kwa hiyo kaburini hatutakosa. Redio ndiyo hii, nimeiviringisha kwenye fulana ya tata, fulana irudi.

Wewe sikuamini bado. Namwamini Jamali.

Mwesiga


Ijuganyondo
Jumatatu, 23 Septemba 2024

Mwesiga,

Siku tatu sijafungua duka. Nilinakili diski nzima kwanza. Kisha nikalitafuta faili kipande kwa kipande, mpaka nikalipata.

Lilikuwa la dakika thelathini na nne. Mfumo mpya umekaa juu ya kumi na tatu za mwanzo. Wimbo wangu wote umekwenda. Sifa zote zimekwenda. Ya jembe pia. Nimejaribu programu nne, hakuna kitu, ni mkwaruzo tu. Alichoniambia tata sitakisikia maisha yangu yote, na aliyekimaliza ni mimi na wewe, sijui nani zaidi.

Lakini dakika ishirini na moja zimebaki, na hizo hukuzifikia, maana ulizima kwa hasira. Mimi nilikimbilia jikoni bila kubonyeza kitufe cha kusimamisha. Mashine ikaendelea kurekodi.

Inaanza kwa mlango. Unaingia wewe. Umebeba kuni, nazisikia zinadondoka. Tata anasema, "Njoo hapa, mwenye mikono ya jembe. Kaa. Weka kidole hapa." Na unapiga, Mwesiga. Vibaya mno, sijapata kusikia enanga ikiteswa hivyo. Naye anacheka, anasema tena. Unapiga tena. Anasema siyo huo, unaofuata. Dakika ishirini na moja! Anakuhesabia, anakuimbia polepole ili umfuate. Kuna mahali unapiga nyuzi tatu kwa mpangilio sahihi, naye anamwita mama kwa kelele aje asikie. Mwishoni unasema umechoka, anasema, "Basi, kesho." Hukumbuki. Ulikuwa na miaka sita.

Mimi nimekasirika upya. Mimi alinifundisha kwa kunichapa vidole. Mimi hakunichekea. Miaka minne nilijifunza nikiwa nimekaza meno ili siku moja aniambie neno, na neno hilo limekwenda, wewe uliyepiga kama unapasua kuni umebakiziwa kicheko chote.

Nimekuwekea kwenye redio, dakika zote. Fulana iko humohumo, sikuifua, ingepoteza harufu.

Wewe ndiye mtu pekee duniani uliyesikia alichoniambia. Niandikie. Neno kwa neno, hata kama ulikuwa na hasira. Jumamosi kaburini sijui kama nitakuja. Hujanialika.

Alistidia


Buganguzi
Jumanne, 24 Septemba 2024

Dada,

Jamali anapakia ndizi, amenipa nusu saa, na nimeitumia karibu yote kusikiliza. Nimekaa kwenye gari lake, mlango umefungwa. Anagonga kioo.

Kwa hiyo haraka. Annastella anauliza kama unalala kitanda au mkeka, maana wageni wa Jumamosi ni wengi. Nimemwambia wewe si mgeni.

Alichokuambia tata nilikisikia mara moja tu, na nakikumbuka chote. Nimejaribu mwaka mzima kukisahau. Siandiki. Kitu alichokisema kwa mdomo utakisikia kwa mdomo, umekaa alipokuwa amekaa, na mimi nitakapomaliza ukitaka kunitukana unitukane hapohapo.

Enanga sitampa Jamali. Njoo Ijumaa, uje na uzi mpya. Unajua wenyewe unaofaa, mimi sijui. Wewe utavuta. Mimi nitashika mti.

Mwesiga